Mama Bobini na Mashine ya Shemeji

Ukiingia kibandani kwa Mama Bobini na kusema, "Mashine yangu inapiga kelele," ulikuwa umeanza vibaya. Hakuinua hata uso. Aliendelea kusugua alichokuwa akisugua, kisha akauliza, "Kelele gani? Hata watoto wanapiga kelele." Mteja alitakiwa aseme kama mashine inakwaruza, inagonga, inasaga au inalia, na kama inalia, inalia mfululizo au kwa kwikwi. Wengi hawakujua. Walibaki mlangoni na cherehani zao mabegani, wakijaribu kuigiza sauti kwa midomo. Fundi nguo mmoja mwenye kitambi, mtu wa heshima zake, alisimama pale robo saa nzima akifanya "kwiri, kwiri" mpaka wapita njia wakaanza kumcheka, na kumbe kilichokuwa kimekwama kwenye cherehani yake ni nusu ya kifungo cha shati.

"Kifungo hiki umekishona wewe?" Mama Bobini alimuuliza, akikishika kwa ncha za kucha.

"Ndiyo, mama."

"Basi sishangai kimekatika."

Alikuwa na miaka sitini na miwili, mwembamba, vidole vyeusi kwa mafuta ya mashine, na mfukoni mwa gauni lake hazikukosekana bobini mbili tatu, vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini, ndiyo maana mtaa ukampa jina hilo. Kazi hakufundishwa na mtu. Enzi zile alikuwa mshonaji tu, mjane mwenye mtoto mdogo, na cherehani yake ilipoharibika aliipeleka kwa fundi mmoja aliyejaa maneno. Fundi akakaa nayo miezi miwili, akairudisha imepigwa rangi na ikigonga vilevile. Mama Bobini akaifungua mwenyewe juu ya meza ya jikoni kwa kisu cha kumenyea viazi. Kufikia jioni ilikuwa inashona, na dharau aliyoipata siku ile kwa mafundi wote wa dunia haikumtoka tena.

Kutoka kwa mafundi ilihamia kwa watu wengine. Aliwadharau wanaomwaga mafuta kila mahali kama wanakaanga, na wanaonunua mashine mpya kwa sababu ya skrubu moja. Aliwadharau wanaosema "nitajaribu." Majirani walijua kwamba ukimsalimia utajibiwa, lakini utatazamwa kuanzia viatuni. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Alikuwa fundi hasa, na watu humvumilia fundi hasa mambo mengi.

Mtu mmoja tu alinusurika na dharau ile, naye alikuwa kaburini. Marehemu mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, mtu wa mizaha na kicheko kikubwa, aliyechukuliwa na homa binti yao akiwa na miaka mitatu. Mama Bobini hakuolewa tena. Kila mwanamume aliyejipitisha alimpima kwa marehemu na kila mmoja alipwaya. Na kati ya mambo yote ya marehemu, alilolitunza zaidi ni machozi yake ya siku alipozaliwa binti.

Siku hiyo uchungu ulimshika wiki tatu kabla ya wakati, asubuhi, mume keshakwenda kazini. Nyumbani alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa amevunjika mkono mpirani na kufungwa plasta nyeupe hadi kwenye kiwiko. Akatumwa kiwandani mbio kumwita kaka yake. Akarudi peke yake. Alisema geti limefungwa, hawamtoi mtu. Mama Bobini akajifungua mikononi mwa majirani, na haikuwa kazi rahisi. Jioni mume aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia kama mtoto. Msimamizi wa zamu, alisema, alikuwa amewafungia ndani wamalize shehena, na alipoomba ruhusa alikataliwa katakata. Mwanamume kulia hivyo! Mama Bobini alimsamehe palepale, na chuki yote akaigawa kwa watu wawili.

Fungu la kwanza lilikwenda kwa msimamizi. Alipokufa hakwenda mazikoni, ingawa ilikuwa mitaa miwili tu. Mjane wake, aliyeishi kwa kushona sare za shule, alipoleta cherehani yake kibandani, Mama Bobini alizungusha gurudumu lake mara moja, akasema haitengenezeki. Ilikuwa imelegea skrubu moja. Yule mama aliibeba akaondoka nayo, na Mama Bobini akala chakula chake cha mchana bila tatizo lolote.

Fungu la pili lilikwenda kwa shemeji. Angekuwa mwanamume kweli, angeruka ukuta, plasta au hakuna plasta. Angalau angegombana na mlinzi. Badala yake alirudi na maneno. Na tangu siku hiyo, kwa Mama Bobini, shemeji alikuwa mtu wa kurudi na maneno.

Watu walimwita Profesa, ingawa hakuwahi kufundisha hata chekechea. Alikuwa mwonyesha sinema wa gari la serikali, lile lililozunguka likiwaonyesha watu filamu za kunawa mikono na kupanda miti, na katika safari hizo akazoea kueleza mambo. Alistaafu akiwa na mvi nzuri, kalamu mbili mfukoni, na projekta kuukuu ambayo ofisi ilikuwa inaitupa. Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa na vitu vyake kurundikwa nje, akaokota humo filamu moja ndani ya kopo: siku ya michezo ya wafanyakazi. Aliwahi kuionyesha mara tatu mbele ya familia, na mara zote tatu waliona jambo lilelile: wakubwa wa kiwanda wakihutubia chini ya turubai, kisha mashine ikaanza kutatarika, picha ikaruka, Profesa akazima.

"Kwa umri wa mashine hii," alieleza, "kelele ni haki yake."

Mama Bobini alivuta pumzi ndefu ya mtu anayejizuia. Kwake kelele haikuwa haki ya mtu yeyote.

Mambo yangeishia hapo kama Profesa asingeteleza ulimi. Siku moja, akiongea na binti kwenye simu, akasema, "Baba yako mwenyewe yumo humo ndani, anacheka." Kisha akajaribu kurudisha maneno, wapi. Binti alikuwa na miaka arobaini, muuguzi katika mji wa mbali, na baba yake alimjua kwa picha mbili, moja ikiwa imekatwa kichwa. Akaomba likizo ya wiki, akaja.

"Mama," alisema hata kabla hajakaa, "nataka kumwona baba akitembea. Mara moja tu. Nimrekodi kwenye simu niondoke naye. Hiyo filamu ipo moja, na baba mdogo anasema kila ikipita inazidi kuraruka matundu yake ya pembeni."

"Inararuka kwa sababu ya nani?" Mama Bobini aliuliza. "Kamletee mama yako hiyo mashine."

Profesa aligoma siku mbili. Mara mashine ni ya umeme, si cherehani. Mara taa yake haipatikani tena. Mara mgongo unamuuma. Mwishowe binti aliibeba mwenyewe akaipakia kwenye teksi. Filamu ndiyo Profesa aliyoikatalia kabisa. Filamu haitoki kwangu, alisema, na kuifunga kwenye mashine naifunga mimi. Mama Bobini alipoletewa taarifa hizo alicheka puani.

Ijumaa mchana akaifungua. Aliiwasha tupu kwanza, akashika rula yake ya mbao, ncha moja kwenye chuma, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Binti alikaa kwenye kibao akimtazama na hakuthubutu kukohoa. Kelele zilikuwa tatu, zimepandana. Ya kwanza iligonga mara moja kila mzunguko, na hiyo ilikuwa aibu tupu: mkanda wa mpira ulikuwa umekatika, Profesa akauunga kwa waya, na kila fundo lilipopita kwenye puli, kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda, likapiga tak.

"Waya," Mama Bobini alisema. "Mtu mzima, kalamu mbili mfukoni, anaunga mpira kwa waya."

Akatoa mkanda wa mota ya cherehani, akaupima, ukaingia kama uliumbwa kwa ajili hiyo. Ya pili ililia kwa kwikwi. Kulikuwa na kipande cha sufi ndani kinachotakiwa kulisha mafuta kwenye ekseli, na kilikuwa kimekauka kama biskuti. Akakinywesha matone sita, akangoja, akaongeza mawili. Ya tatu ilikwaruza, na hiyo ilikuwa bati la ubavuni lililobonyea mpaka feni ikawa inalilamba. Akalinyoosha kwa mpini wa nyundo. Akawasha tena. Mashine ikavuma, mvumo mdogo wa kupendeza, basi.

Hakufurahi. Kwa kweli aliona ametukanwa. Miaka yote hiyo familia nzima imenyimwa kumwona marehemu kwa sababu ya waya, sufi na bati.

"Baba mdogo alijitahidi, Mama," binti alisema.

"Baba yako mdogo hajawahi kujitahidi tangu uzaliwe. Na nina maana tangu siku yenyewe."

Jumapili saa tisa alasiri walikuwa sebuleni kwa Profesa. Mapazia yalifungwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani kwa misumari minne. Sebule ilinukia karatasi za zamani na dawa ya mende. Profesa alikuwa amevaa koti. Alizitazama kazi za shemeji yake, akaiwasha mashine tupu, akausikiliza ule mvumo, na uso wake haukuonyesha kushukuru hata kidogo. Mama Bobini aliuona uso huo akaridhika sana. Wivu, alijiambia. Mwache aumie.

Profesa akafunga filamu, amewapa mgongo, polepole kama anayevalisha maiti. Taa ikawaka. Ukutani wakatokea wakubwa wa kiwanda chini ya turubai, midomo ikichezacheza bila sauti, maana filamu yenyewe haikuwa na sauti. Dakika moja ikapita, mashine imetulia. Binti akaishika simu yake kwa mikono miwili. Mkubwa wa mwisho akakaa. Wafanyakazi wakaanza kujipanga uwanjani, mmoja akaleta kamba nene.

Tatatatatata, mashine ikaanza. Picha ikaruka.

"Nilisema mimi," Profesa alisema, na swichi ikawa imeshazimwa. "Imechoka. Tusije tukairarua yote."

Binti aliinamisha kichwa. Mama Bobini hakumtazama binti wala ukuta. Alikuwa amemtazama Profesa muda wote, kama alivyozoea kumtazama mshonaji anayelalamikia cherehani, na alikuwa amekiona kidole gumba.

Hapa inabidi msomaji aambiwe jambo la cherehani. Mashine huvuta kitambaa yenyewe, kwa meno yake, hatua kwa hatua. Mshonaji asiyejua kazi hana imani nayo. Huweka mkono nyuma ya sindano akavuta. Hapo nyuzi huruka, sindano hugonga, naye hukimbilia kwa fundi kusema mashine mbovu. Projekta nayo ni hivyohivyo. Ina ukucha unaoivuta filamu picha moja moja, na juu na chini ya ukucha huo filamu lazima iachwe imelegea kidogo, imepinda kama kitanzi, ipate nafasi ya kupumua. Mama Bobini aliiona siri hiyo mara ya kwanza alipoitazama mashine. Na sasa alikuwa ameona kidole gumba cha Profesa kikiigusa filamu pale chini ya taa, taratibu, kikivuta ule ulegevu mpaka ukaisha.

"Unavuta kitambaa," alisema.

"Nini?"

"Unavuta kitambaa, Profesa. Miaka yote umesema mashine, kumbe ni kidole. Wasichana wa miaka kumi na minne wanaoanza kushona wanafanya hivyo, na wao wanaona haya wakiambiwa." Alishainuka. "Sogea."

Profesa hakusogea. Akamshika kifundo cha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Naomba tuishie hapa. Nakuomba."

"Umeshindwa kazi, sasa unaomba."

"Basi nimeshindwa. Sema utakavyo. Tuishie hapa tu."

Binti alikuwa anawatazama, machozi yanamlengalenga. Mama Bobini akautoa mkono wake bila haraka.

"Mtoto huyu amesafiri siku nzima amwone baba yake. Wewe ulishindwa kumleta baba huyo siku ile akihitajika, na leo unashindwa kumleta tena akiwa kwenye kopo. Nenda kakae. Na mikono uikalie."

Hapo Profesa alikwenda kwenye kochi. Akakaa, na kweli akaipitisha mikono chini ya mapaja. Mama Bobini akapimapima kitanzi cha juu kwa vidole viwili, kisha cha chini, akawasha.

Mashine ilivuma. Wafanyakazi walijipanga, kamba ikanyooshwa, upande huu kumi na upande ule kumi. Na wa mbele kabisa upande wa kulia, fulana imemkaa vizuri, akiruka na kujipigapiga makofi ya mapajani, alikuwa mume wake.

Mama Bobini alishika ukingo wa meza. Alikuwa amesahau jinsi mumewe alivyokuwa kijana. Binti alisema tu, "Huyo," bila kuuliza.

Timu zikavuta, zikaanguka, watu wakacheka. Wakajipanga tena. Ndipo kutoka upande wa geti, na geti lilikuwa wazi, wazi kabisa, hata muuza maji alikuwa anapita, akaingia kijana mmoja mbio. Alikuwa anahema. Mkono wake mmoja ulikuwa na plasta nyeupe hadi kwenye kiwiko.

Akamwendea mwenye fulana, akamwambia jambo sikioni. Mwenye fulana akasikiliza. Akacheka, akamwonyesha kijana ile kamba, kama mtu anayesema ngoja kwanza. Kijana akamvuta mkono. Akaja mtu mzima mwenye filimbi shingoni, na Mama Bobini alimjua hata kabla hajageuka: msimamizi wa zamu. Akauliza, akajibiwa na kijana. Basi msimamizi akanyoosha mkono kuelekea getini. Akaunyoosha mara mbili. Akamsukuma mwenye fulana begani, nenda, nenda. Mwenye fulana akatikisa kichwa huku akicheka kile kicheko chake kikubwa, akamsukuma mdogo wake pembeni, akatemea mate viganjani, akashika kamba.

Mashine haikukwaruza, haikugonga, haikulia.

"Baba mdogo," binti alisema, "huyo si wewe? Mwenye plasta? Ulikuwa unamwambia nini?"

Profesa alifungua mdomo. Miaka arobaini alikuwa mtu wa kurudi na maneno, na sasa hakuwa nayo. Alimtazama shemeji yake, mikono bado ameikalia.

Mama Bobini hakuwahi kumpunguzia mtu ukweli. Aliwaambia wajane kwamba mashine za waume zao ni chuma chakavu, na watoto kwamba mama zao hawajui kushona.  Ukutani mumewe alikuwa anavuta kamba, meno yote nje, na alimwona sasa jinsi alivyokuwa: mtu aliyezoea kusamehewa. Alimdharau. Ilimshukia ghafla na nzima, dharau iliyokuwa na miaka arobaini ya deni, na ilimuuma kifuani kuliko uchungu wa siku ile.

"Anamwambia umezaliwa," alisema. "Mama na mtoto wazima. Tazama anavyocheka."

"Na huyu mwenye filimbi?"

"Huyo," Mama Bobini alisema, "alikuwa mtu mwema. Anampongeza."

Binti akalia, kilio cha furaha, mgongo ukimtikisika. Filamu ikaisha, ukuta ukawa mweupe. Alipopata sauti alisema hakurekodi vizuri, mikono ilikuwa inatetemeka, na akaomba irudiwe tangu mwanzo.

Profesa aliinuka. Akaizungusha filamu nyuma, akasimama kando ya mashine, asimtazame mtu.

"Shemeji, nifunge mimi au utafunga wewe?"

"Funga wewe," alisema. "Unajua kazi."

Akafunga, na safari hii hakuigusa tena. Mama Bobini akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, kwa sababu mashine aliitengeneza mwenyewe na haikuwa na sababu yoyote ya kusimama. Mumewe alipotokea hakumtazama. Alimtazama kijana mwenye plasta, baada ya kusukumwa, alivyobaki amesimama kando ya kamba peke yake, anatazama geti, hajui akifika nyumbani aseme nini.